Pijo ya Barabara ya Kumi na Tano

Usiguse rangi, nilimwambia fundi Shekiondo,
hiyo krimu iliyopauka, chai iliyozidi maziwa.
Usiguse bonde la mlango wa nyuma
pale troli ya mkonge ilipoubusu, Ngomeni,
enzi baba alipokuwa karani wa mizani
na singa bado ina heshima.
Usinyooshe, usipige pasi, usilete puti.
Nataka mtu akisimama Ngamiani
aseme: ni ile ile.

Akafungua boneti, akachungulia kama daktari wa meno.
"Dada Mwanamkuu, nje sawa. Lakini huku ndani
pistoni zinacheza mdumange,
rejeta imekuwa chujio la nazi,
na petroli inakunywa kama mgeni asiyelipa."

Nina kiwanja Soni, na mlima ule haujali historia.
Mara ya mwisho Pijo ilikata pumzi kona ya tatu,
nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu,
watoto wakaniuzia peasi na huruma,
vyote kwa bei ya mgeni.

Basi tukapatana.
Alteneta akaivika gamba la dainamo.
Fani ya umeme akaificha nyuma ya grili,
nyaya akazipitisha zilipopita za zamani,
akazizungushia kitambaa cheusi zionekane za mkoloni.
Silinda zikachongwa Gofu.
Kabureta ya midomo miwili ikakaa
chini ya kichujio kile kile cha duara,
kijana ndani ya kofia ya babu yake.
Matairi nilishinda mimi. Alitaka mapana;
nikamwambia raba za mpira hazivaliwi na kanzu.
Ekzosi mpya ilikuwa zawadi yake:
"Iteme vizuri."

Jumamosi nikapanda Soni kwa gia ya tatu!
Nikayapita malori ya mchanga.
Kijana wa bodaboda akatazama namba nyeusi,
akatazama moshi usiokuwepo,
akasahau kuondoka.

Jumapili nikarudi Tanga, nikaegesha mbele ya nyumba,
nikakaa barazani kungoja.
Kimya.
Nikaingia hadi jikoni.
"Mama, leo hata chai?"
Akashtuka. "Kwani umekuja na gari la nani?"

Jiko letu lipo nyuma, halina dirisha la barabarani.
Miaka ishirini na miwili
mama hakuwahi kuiona Pijo ikirudi.
Krimu haikumhusu, wala bonde la mlango.
Kwake gari lilikuwa kikohozi kwenye kona ya msikiti,
kisha mluzi,
kisha lile gogogo la kushusha gia,
na hapo huinuka kuweka birika.

Mimi nililinda macho ya wapita njia.

"Ile ekzosi ya zamani iko wapi?"
Shekiondo akajikuna. "Nyuma ya choo. Ina tundu."
"Tundu ndilo ninalolitaka."
"Utapoteza nguvu."
"Kiasi gani?"
Akapima hewani kwa vidole viwili, kama anayekadiria chumvi.
"Hicho nitakilipa."

Tukaifunga na tundu lake.
Kikohozi kikarudi. Mluzi haukurudi:
ulikuwa wa mkanda wa dainamo,
na dainamo sasa ni gamba tupu,
nami sikuwa tayari kurudia taa za njano
zinazosinzia kila nikisimama.
Kona ya tatu ya Soni naingiza gia ya pili,
naomba radhi kwa malori.

Jana nilikata kona ya msikiti, ikakohoa.
Nilipofika uani, birika lilikuwa jikoni, lina maji,
na mama amesimama mlangoni,
njiti ya kiberiti mkononi haijawashwa,
kichwa amekiinamisha upande.

"Ni yenyewe," alisema,
"kasoro mluzi."